Kompyuta ya Wazee Watatu

Jumanne, 1 Juni 1976

Mimi Shija ndiye mtu wa kwanza katika mkoa huu wa Mbeya kuendesha kompyuta. Naandika hivyo ili wajukuu wasome. Niliiendesha Dar es Salaam, kwenye ofisi kubwa ya serikali, wakati Philbert katibu bado anafutwa kamasi na mama yake.

Basi, sikuiendesha. Nilifagia chumba chake. Lakini anayefagia chumba cha mtu anamjua kuliko anayekuja kumwamkia.

Leo nina furaha mbaya. Mchwa wamekula daftari la ng'ombe! Philbert, katibu wetu wa kijiji, alilifungia ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, akaenda semina Mbeya, akanogewa huko. Kurudi, kufungua, udongo mtupu. Alishika kichwa mbele za watu kama aliyefiwa. Nikampa pole. Nikarudi kumpa pole tena, ili nimwone anavyoitikia.

Ila jambo lenyewe ni zito. Tangu Operesheni Vijiji itukusanye hapa Usangu, ng'ombe wa kijiji kizima wamechanganyika kwenye maboma machache. Jumamosi ya tarehe 12 anakuja Bwana Mifugo. Kila ng'ombe atapewa mwenyewe na kupigwa chapa ya moto, ndipo waende Ihefu kwenye majani. Chapa ikishapigwa, imepigwa. Ngozi haina kifutio.

Mimi nina ng'ombe mmoja tu duniani. Jike, mweusi, baka jeupe begani. Nimemwita Wizara, kwa sababu miaka yote amekula tu na hajatoa kitu. Sasa ana mimba! Anakaa kwenye boma la Nkuba, mtani wangu, maana boma langu limeanguka na mimi sijainuka. Mke wangu Rozalia ameshaandaa kibuyu cha maziwa. Amekiosha, amekifukizia moshi, amekining'iniza juu ya kitanda. Nikilala nakitazama. Naonja maziwa ambayo hayapo.

Jumatano, 2 Juni

Mkutano wa kijiji. Philbert akasema kila mtu asimame ataje ng'ombe wake, yeye ataandika daftari jipya. Mtoto huyu amesoma mpaka akili zimemwisha! Watu walisimama, wakataja. Kufika nusu ya watu, ng'ombe walikuwa wamekwisha. Kufika mwisho, kijiji chetu kilikuwa na ng'ombe kuliko Shinyanga yote. Mzee mmoja alidai hata fahali aliyekufa kabla ya Uhuru.

Nikasimama mimi. Nikawaambia nimefanya kazi na kompyuta. Nikawaeleza alichonieleza fundi wa mashine, aliyekuwa akitoka nje kuvuta sigara: kumbukumbu ukiiweka mahali pamoja, hiyo umeshaipoteza. Wenyewe wanatia kwenye kanda, nakala tatu, nyumba tatu mbalimbali. Nyumba moja ikiungua, mbili zipo. Nikawauliza, hilo nalo ni geni kwetu? Sisi Wasukuma nani anaweka ng'ombe wote boma moja? Tunawatawanya kwa marafiki ili ugonjwa ukiingia usimalize. Tulikuwa na kompyuta kabla ya kompyuta, tulikosa umeme tu.

Mpango wangu huu hapa. Wazee watatu, kila mmoja pembe yake ya kijiji. Kila mmoja kwa wakati wake anazunguka maboma, anaweka kichwani ng'ombe yupi wa nani. Hamwulizi mwenye ng'ombe, anamwuliza jirani. Jirani anamjua ng'ombe wa mwenzake kuliko mwenyewe, kwa wivu. Siku ya kugawa, wazee wawili wakisema jambo moja, hilo ndilo kweli. Na maneno ya mwenye ng'ombe yasihesabiwe kabisa, hata alie damu.

Hilo la mwisho nililitoa mimi mwenyewe. Kwa sauti. Nikalirudia.

Philbert akauliza mzee akisahau itakuwaje. Nikamjibu wawili watakumbuka. Akauliza wawili wakisahau. Nikamwuliza daftari lake linakumbuka nini leo. Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Siku nzuri sana katika maisha yangu.

Wazee waliochaguliwa: Mzee Limbu, Seni mdogo wake, na Nkuba mtani wangu.

Huyu Nkuba nimweleze. Ukoo wake na wangu ni watani tangu huko Usukumani. Ana ruhusa ya kuniita mwizi mbele ya wakwe zangu, na kunivua shati nikaenda kifua wazi, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba wa dada yangu aliingia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka akapewa kuku. Nami kwake ni hivyo hivyo. Tangu tuzaliwe hatujawahi kuambiana neno lililonyooka.

Ijumaa, 4 Juni

Inafanya kazi!!

Tumejaribu kwa boma la Limbu. Ng'ombe kama thelathini. Nilimweka kila mzee mbali, hawaonani. Philbert akawa anatoa ng'ombe mmoja mmoja, anakimbia na baiskeli kwa huyu, kwa yule, kwa yule. Majibu yale yale! Alijaribu hila, akaleta ndama mdogo tu asiye na alama. Wote wakamjua, na mama yake, na bibi yake. Philbert akashuka kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma. Mtu akisukuma baiskeli nzima ujue ameshindwa.

Habari imevuka mto. Kijiji cha ng'ambo wameleta mjumbe, daftari lao nalo si zuri, wanaomba tuwaingize na wao. Ng'ombe wao ni mara nne ya hawa wetu. Nilikubali kabla mjumbe hajamaliza sentensi. Rozalia akasema niulize wazee kwanza. Nani anaiuliza mashine?

Jumapili, 6 Juni

Siku ya laana.

Thelathini walikuwa mchezo. Hawa wengi ni balaa. Maana ng'ombe hawatulii! Huyu ameuzwa mnadani, yule amezaa, yule ametolewa mahari. Nkuba amesikia, Limbu hajasikia. Leo wanaume wawili walikuja wameshika ng'ombe mmoja, huyu pembe na huyu mkia. Wa pembe ana ushahidi wa Nkuba, wa mkia ana ushahidi wa Limbu. Na wazee wote wawili wanasema kweli, ila kweli ya Limbu ni ya Alhamisi. Wakapigana. Wa mkia akang'atwa sikio. Ng'ombe akaenda zake.

Nikatoa amri: mzee asijibu mtu kabla hajaonana na wenzake wakapeana habari. Sawa. Sasa wakaanza kutembeleana. Na hapa ndipo nilipogundua adui wa maendeleo ni nani. Ni salamu!

Limbu amefika kwa Seni, mdogo wake wa tumbo moja, waliachana jana magharibi. Mwangaluka. Habari za kulala. Watoto. Mvua. Walioachwa Shinyanga. Waliokufa Shinyanga. Magoti. Goti la kulia peke yake. Wamefika kwenye habari ya ng'ombe jua liko utosini, na ng'ombe mwenyewe ameshaondoka kwenda mtoni.

Nikasema kazi imezidi watu, niongeze watu. Nikaongeza wazee wanne. Mungu wangu! Ikawa mbaya zaidi. Maana kila mzee anataka kumsalimia kila mzee. Walipokuwa watatu walisalimiana wakafanya kazi kidogo. Wako saba, hawafanyi kingine. Kutwa nzima kijiji kimejaa wazee njiani wameshikana mikono.

Philbert amepita, akaniuliza kompyuta inaendeleaje. Akanisalimia kwa urefu kabisa, makusudi.

Jumatatu, 7 Juni

Nimepiga marufuku salamu.

Nilitangaza asubuhi: mzee akimfikia mzee, ataje ng'ombe, ageuke, aondoke. Mzee Limbu alikuja mwenyewe na kigoda chake kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mashine hazisalimiani. Akasema hata mbwa wananusana kwanza. Akaniuliza mimi nimelelewa na nani. Kisha akachukua kigoda chake, akaondoka, Seni nyuma yake akitema mate, na wale wanne nyuma ya Seni. Mstari mzuri kabisa. Wangefanya kazi kwa utaratibu ule tungekuwa mbali.

Akabaki Nkuba. Amelala kivulini anacheka. Nikamwambia anyamaze, sura kama ya nyani. Akanijibu kwamba nyani huyo amemwona kwenye picha yangu ya kitambulisho. Hakukasirika hata kidogo.

Wazo! Wazo kubwa kuliko yote! Shida ya wazee ni heshima. Nataka watu wasioweza kukasirika. Na ni nani asiyeweza kukasirika? Mtani!

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nao. Kashindye, binamu yangu, mtani kwa damu. Na Filemoni kaka yake Rozalia, mtani kwa ndoa, amekuja na lori la viazi kutoka Nyololo na anatafuta sababu ya kutorudi. Pamoja na Nkuba, watatu. Nimeukamilisha uvumbuzi.

Alhamisi, 10 Juni

Wanakwenda kama moto. Kashindye anamfikia Nkuba, anamwita fisi, anaitwa konokono, wanapeana ng'ombe, wameachana. Tusi moja linatosha. Vijiji viwili tumevimaliza kwa siku tatu!

Filemoni nilimwogopea. Huyu ni mtu wa viazi, Mlutheri, ng'ombe hawajui. Lakini ana njia yake. Kila ng'ombe anamfananisha na mtu wa usharika wao. Yule mwenye pembe zilizolegea ni mzee wa kanisa fulani. Yule anayetafuna bila kufumba mdomo ni mama wa kwaya. Hakosei hata mmoja. Nilimwuliza Wizara anafanana na nani. Akasema anafanana na mtu aliyeolewa mahali pabaya. Nikacheka. Shemeji ni shemeji.

Jioni Rozalia akaniuliza nani atakayemsemea Wizara siku ya chapa. Nikamwambia wote watatu wanamjua vizuri. Akasema hilo ndilo linalomtisha. Akauliza, hao watatu wameshawahi kusema neno moja la kweli juu yangu? Nikamwambia achochee moto wake. Tangu aanze kwenda kisomo cha watu wazima mwanamke huyu ana maswali. Zamani alikuwa na majibu tu, na hayo nayo yalinitosha.

Na kwa kuwa daftari hili ni la siri, niseme: kile chumba cha kompyuta sikukifagia. Nilifagia veranda. Mlango ulikuwa wazi siku moja.

Jumamosi, 12 Juni

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Bwana Mifugo alifika na gari, na haraka. Ana vijiji vingine vinamngoja. Moto umekokwa, vyuma vimewekwa, kila chuma herufi yake. Nikapewa kiti mbele. Kiti! Philbert alisimama.

Wazee wangu watatu wakaanza. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Ng'ombe anatolewa, Nkuba anataja, Kashindye anataja, Filemoni anataja, chuma, moshi, mwingine. Hakuna ugomvi. Mama mjane wa ng'ambo ya mto, ambaye shemeji zake walishaanza kugawana mali yake, alipata ng'ombe wake wote, akaja kunishika miguu. Bwana Mifugo akasema hajaona kijiji kama hiki kutoka Chunya mpaka hapa. Hata Limbu, aliyekuwa amesimama mbali na hasira zake, alipata wake wote, akakohoa.

Ndipo akatolewa Wizara. Mweusi, tumbo hilo, anatembea taratibu kama mke wa mkubwa.

Bwana Mifugo akauliza wa nani. Nkuba akamzunguka Wizara. Akanitazama. Nikaliona lile jicho. Akasema huyu ni wake yeye, na kwamba Shija tangu azaliwe hajamiliki kitu cha miguu minne isipokuwa kitanda, nacho cha kuazima.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hili ndilo linaloniuma mpaka sasa, nilicheka! Lazima ucheke, ndivyo ulivyo utani. Nikaanza kutafuta tusi la kumrudishia.

Kashindye hakungoja. Akasema ni wa Nkuba kabisa, na hata Shija mwenyewe ni wa Nkuba, babu zetu walimbadilisha kwa chumvi, na chumvi ilikuwa na mchanga. Watu wakalala chini. Filemoni naye akadakia kwamba dada yake hakuolewa kwa ng'ombe, aliolewa kwa maneno, sasa mtu huyo ng'ombe amemtoa wapi?

Watatu wamesema jambo moja. Bwana Mifugo mgeni, hajui nani mtani wa nani. Philbert anajua. Philbert alikuwa anafuta vumbi kwenye kengele ya baiskeli.

Tusi langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Zuri sana, la Nkuba na mama mkwe wake na mtungi. Nikasikia harufu ya manyoya yanaungua.

N.

Kubwa, kwenye paja. Wizara aliruka, kisha akanigeukia akanitazama. Nkuba naye kicheko kikamkatika katikati. Hata yeye hakutegemea chuma kiende haraka vile. Mbio hizo nilizifundisha mimi.

Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikapiga kelele kwamba ng'ombe ni wangu. Philbert akaja polepole, kwa adabu zote, akanikumbusha kuwa maneno ya mwenye ng'ombe hayahesabiwi. Hata alie damu. Akasema alikuwepo mkutanoni na alisikia mara zote mbili.

Jumapili, 13 Juni

Nkuba ametuma mtu. Anasema yeye si mwizi, ila mambo ya utani yana sheria zake, kilichonyakuliwa mbele za watu kinakombolewa mbele za watu. Nilete kuku mmoja. Nimwombe vizuri, watu wacheke, nimchukue Wizara wangu na herufi yake pajani, kwisha.

Rozalia alishamkamata jogoo miguu kabla mjumbe hajamaliza. Nikamzuia. Sitoi kuku! Nikitoa kuku nimekubali kwamba wazee watatu walikuwa wanatania. Wakiwa wanatania kwa ng'ombe mmoja, nani ataamini wale wengine? Kompyuta nzima imeanguka. Mimi niangushe kazi yangu kwa ajili ya jogoo?

Rozalia akasema si kwa ajili ya jogoo, kwa ajili ya ng'ombe. Akamwachia jogoo, akatazama kibuyu, akatoka nje. Angebaki ningemjibu.

Jioni redio ya jirani haikusema habari zangu. Ila Philbert alitangaza kwamba mkoani wameisifu sana ile njia. Wanaiita njia ya Katibu Philbert.

Alhamisi, 17 Juni

Wizara amezaa. Jike! Mweusi, baka jeupe begani.

Nilisimama nje ya boma la Nkuba, nikachungulia kwenye miiba. Nkuba aliniona. Hakutania. Aliniuliza taratibu, kuku yuko wapi, Shija? Lete hata kifaranga. Lete hata yai. Neno lililonyooka la kwanza tangu tuzaliwe. Nikamwambia mimi nilikuwa napita tu kwenda mtoni. Mto uko upande mwingine.

Nilipofika mbali nikasikia amerudia hali yake. Ndama amemwita Shija. Anasema Shija huyu ananyonya na yule wa kwanza anachungulia.

Jumapili, 20 Juni

Nimekesha nikiwaza na nimeona kosa.

Kosa lilikuwa idadi. Watu watatu wanaweza kutania pamoja, hilo linatokea. Lakini watu tisa? Haiwezekani watu tisa wakatania wote kwa wakati mmoja, lazima kuna mmoja atakayechoka. Kwa hiyo nitaweka tisa. Nimeshawapata. Ndugu wanne wa Nkuba, wana wawili wa Kashindye, na wajomba watatu wa Filemoni kutoka Nyololo. Wote watani wangu, hawakasiriki. Nitamwita Bwana Mifugo arudi, tuwaulize upya. Sheria zinabaki zile zile. Ile ya mwenyewe kutohesabiwa naiacha ibaki, maana nikiifuta Philbert atasema anajua kwa nini.

Philbert anakwenda Iringa kuwafundisha watu wa Idodi njia yake. Kesho nadandia lori la viazi, nimtangulie. Nikifika nitawaambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyeendesha kompyuta Dar es Salaam.

Sasa wewe Rozalia. Najua unasoma humu. Kuna alama ya kidole cha unga kwenye ukurasa wa tarehe 10, na pale nilipoandika habari ya veranda kuna kidole cha pili. Sikusemi. Ila kumbuka masika yote nani alikuwa anakubebea kibao na chaki mpaka kisomo, anakufunika kwa gunia yeye analowa, watu wanamcheka mzee mzima anampeleka mkewe shule. Hujanilipa hilo.

Basi nifanyie jambo dogo. Chukua kibuyu hapo juu ya kitanda, pita kwa Nkuba asubuhi wakati wa kukamua, uombe maziwa kidogo ya Wizara. Kidogo tu, nionje kabla sijapanda lori. Usiseme ni ya kwangu. Jogoo mwache hapa hapa. Na Nkuba usipoteze muda kumsalimia.